Numba ya Ruwa

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, hilo lieleweke kabla sijafika mbali. Vioo pande tatu, chini ukuta wa tofali unaokufika kiunoni, juu bati zile za plastiki zinazopitisha mwanga. Kilibandikwa upande wa mashariki wa nyumba yetu pale Mwika, ukitoka sebuleni unaingia moja kwa moja. Asubuhi ya jua ukikaa mle ndani unavua sweta mwenyewe. Mwika nzima hakikuwepo kingine kama kile. Na mimi sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa chumba kile.

Naitwa Fredy. Mwaka ule wa tisini na nane nilikuwa nimeshamaliza form four, na matokeo yangu bwana tuyaache yalivyo. Baba na mama wako Tanga, mimi nimelelewa na Bibi tangu sijui hata kufunga kamba za viatu. Washikaji zangu karibu wote walishakimbilia Mererani kuchimba, wanarudi na jinzi mpya na redio begani, wanaongea kwa sauti, na mimi nipo kihambani, kwenye migomba yetu, nakata majani ya ng'ombe. Miguu inawasha. Kilichonishika ni kifua cha Bibi. Kila ukungu ukianza kushuka kutoka mlimani mwezi wa sita, kinaanza. Mwaka wa nyuma yake alilazwa, tukajua ndiyo basi tena. Daktari akasema huyu mama mkitaka aishi mwepusheni na baridi na moshi. Sasa wewe niambie, Mwika, mwezi wa saba, unaviepukaje? Ukikimbia baridi unaingia jikoni, moshi huo. Ukikimbia moshi unatoka nje, ukungu unakulowanisha nguo mwilini kama mvua.

Ndiyo shangazi Gladness, nesi anayefanya kazi Ujerumani, alipokuja Krismasi akaja na lake. Kule anakokaa yeye, wazee wanajengewa chumba cha vioo, wanaota jua humo mwaka mzima bila kupigwa na upepo. Alikuwa hata na picha, kizee cha Kizungu kimekaa na paka, nje theluji tupu. Siku hiyo nyumba imejaa, si unajua Krismasi uchagani, hata aliyepotea miaka anarudi, mbuzi kachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo. Shangazi akapiga magoti mbele ya Bibi. Akataka aseme kwa Kichagga ili neno limguse mama yake, ila Kichagga chake kilishaota kutu huko alikokaa. Akasema:

"Mae, tutakujengea numba ya Ruwa."

Vigelegele vikapigwa. Na mimi nilipiga makofi.

Sasa sikiliza. Wazee wetu waliviita jua na Mungu kwa jina moja, Ruwa. Shangazi alikusudia nyumba ya jua. Bibi, Mlutheri aliyeimba kwaya mpaka sauti ikakauka, akasikia nyumba ya Mungu. Na mtu mzima anayeumwa ukimwambia unamjengea nyumba ya Mungu, umemwambia nini? Lakini siku ile hakuna aliyeling'amua hilo. Bibi alisema tu "Aika", yaani asante, akaomba ashikwe mkono akalale. Tukasema mama kachoka kwa furaha.

Kazi akapewa fundi Efraimu. Fundi mzuri, sina ubishi. Ila miaka ile fundi mbao yeyote wa maana alikuwa na biashara moja. Vijana walikuwa wanarudishwa kutoka Dar na Arusha wamelala, kila Jumamosi misiba miwili mitatu, na masanduku yaliyopendwa ni yale yenye kioo pale usoni, kile cha kuagia, mnapita mmoja mmoja mnamtazama marehemu mara ya mwisho. Efraimu ndiye aliyekuwa anayatengeneza. Kukata kioo, kukipachika, kukizungushia puti mpaka hata harufu isitoke, hana mpinzani. Kwa hiyo shangazi alipouliza nani hapa anajua vioo, watu walimjibu bila kufikiri.

Siku ya kwanza akaja na tepu yake. Bibi alikuwa amekaa barazani. Efraimu akamwamkia vizuri tu, shikamoo mama, akaanza kupima ukuta. Akafika pale tutakapoweka kitanda cha kupumzikia, akaivuta tepu, ikapita mbele ya Bibi kuanzia kichwani mpaka kwenye raba zake. Alikuwa anapima nafasi ya kitanda, wallahi. Ila Mama Flavia, jirani yetu mwenye mdomo, alikuwa anapita na mkungu kichwani, akasimama.

"We Efraimu! Siku hizi wateja unawapima wakiwa bado wanapumua?"

Efraimu akacheka. Na mimi nikacheka, ilikuwa inachekesha. Bibi akavuta kitenge kikafunika miguu, akageuza uso akatazama migomba.

Masika ikatuchelewesha, mwezi wa sita chumba kikasimama. Tukamhamishia Bibi humo na kitanda chake. Kesho yake, baada ya ibada, watu wakaja kushangaa. Kuingia ndani kila mtu anaona haya kwa sababu viatu vina matope, wakazungukia nje. Na hakuna aliyewapanga! Walijipanga wenyewe mstari, wakawa wanapita mmoja mmoja mbele ya kioo, wanainama kidogo, wanakinga mwanga kwa kiganja, wanamtazama Bibi aliyelala mle ndani, wanasogea mbele wampishe mwenzao. Wanaume wawili watatu wakavua kofia. Nilikuwa nimesimama pembeni nikahisi nywele zinanisimama. Mstari wa namna ile nimeshaupanga mara nyingi mno. Shingo zao zilikuwa zinajua zenyewe mahali pa kuinamia.

Mama Flavia alipofika zamu yake akajishika kifua. "Jamani," akasema, "Mama Gladness amependeza."

Maneno hayo hayo. Ndiyo tunayosema tukishatoka kwenye sanduku.

Tangu siku ile Bibi akaacha kula. Hakugoma kwa ugomvi, hapana. Unampelekea mtori wa ndizi na nyama anasema weka hapo mume wangu, nitakunywa. Aliniita hivyo kwa sababu jina langu la pili ni la babu, Anaeli, na bibi zetu ndivyo wanavyowatania wajukuu. Unarudi, bakuli liko vile vile, limeganda juu. Kidogo kidogo akaanza kugawa vitu. Sufuria yake kubwa ya mbege akampa Mama Flavia. Jembe akampa mtoto wa jirani. Kitabu cha nyimbo akaniwekea mimi chini ya mto wangu, sikujua lini alifika chumbani kwangu na miguu ile. Halafu asubuhi moja nikakuta kitanda kimegeuzwa. Tulikuwa tumekiweka kimetazama mashariki, jua limpate. Sasa kimetazama mlima. Wazee wa zamani walikuwa wanazikwa wameelekea Kibo, kila mtoto wa kule anajua hilo.

"Bibi, nani kakigeuza?"

"Mimi."

"Kwa nguvu zipi?"

Akajifunika kitenge, akaugeukia mlima.

Hapo ndipo hofu ilipoingia kwangu ikakaa. Ikawa kila nikiamka siendi kwanza mlangoni. Nazunguka nje, naangalia kile kioo cha karibu na kichwa chake. Pumzi yake inakiwekea mvuke kwa ndani. Nikiuona mvuke nashusha pumzi. Lakini ukungu wa mwezi wa saba nao unaweka mvuke kwa nje, kwa hiyo nafuta kwa mkono, natazama, nafuta tena, na ndani kweupe tu, sijui ninachokiona ni pumzi yake au ni pumzi yangu mwenyewe kwa vile nimekibandikia uso. Halafu vioo vile vilikuwa na tabia, baridi ikivibana vinalia, tak! Vinalia tu vyenyewe. Kila vikilia naruka.

Nikaleta daktari wa zahanati. Akampima kifua, akatoka nje na mimi, akasema ajabu, kifua cha huyu mama kimetulia kuliko mwaka jana, joto la mle ndani limemsaidia. "Ila chakula hali," akasema. "Akiendelea hivi, kijana, ita wenzako." 

Nikamkabili Bibi siku hiyo hiyo. Nikakaa kitandani kwake miguuni.

"Kwa nini huli?"

"Mtu wa safari anashiba ya nini?"

"Safari ya wapi, Bibi?"

"Usinichekeshe, kifua kitaniuma. Gladness si alisema mbele ya watu wote? Numba ya Ruwa. Mmejenga, mmemaliza, mmeniingiza. Watu wameshapita kuniaga. Sasa mimi nikae niwacheleweshe mpaka lini? Na wewe unataka kwenda huko kwenye mashimo yenu."

Mungu wangu. Ndiyo nikaelewa yote kwa mara moja. Nikaanza kumweleza mbiombio, Bibi, shangazi alikosea, alikuwa anataka kusema jua, hili jua linalowaka, alisahau lugha, daktari kasema kifua chako kizima, unapona wewe! Nikacheka na kucheka, ili aone mambo ni mepesi.

Bibi akaninyooshea mkono akanishika shavu.

"Hivyo hivyo," akasema. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia babu yako. Alipokuwa anaumwa tumbo na tumeshaambiwa hatoki, mimi ndiye niliyekuwa nakaa hapo ulipokaa. Anaeli, daktari kasema unapona. Anaeli, mwezi ujao utapogoa kahawa. Nilikuwa nacheka kama wewe. Tena nilidanganya vizuri kukushinda."

Na ni kweli, kwetu mgonjwa wa kufa haambiwi. Anaambiwa anapona. Kwa hiyo kila nikikana ndiyo nathibitisha. Nikisema unakufa, Bibi, anakufa. Nikisema hufi, anajua anakufa. Umeona nilipokamatwa?

Nikafikiria mchungaji. Mzee wa heshima, Kichagga chake kimenyooka, yeye akisema Ruwa hapa ni jua atasikilizwa. Nikamkimbilia, nikamkuta njiani, nikamweleza, akaelewa, akasema twende. Ila kumbe siku hiyo alikuwa anatoka kuwapa wagonjwa chakula cha Bwana, ana mkoba wake ule mweusi. Bibi kuuona mkoba ukiingia mlangoni akafumba macho kwa raha.

"Mmefanya vizuri," akaninong'oneza. "Nilikuwa nahofia mtasahau kumwita."

Mchungaji akaeleza, akaeleza, akatoa na mistari. Bibi akawa anaitikia amina.

Simu ya shangazi tulipiga kwenye ofisi ya usharika, nikamwambia kwamba Bibi hali chakula. Akalia mpaka simu ikakatika, tukapiga tena. Akasema anatafuta ndege. Na mimi nikajua akitokea ghafla kutoka Ulaya, mwezi wa saba, si Krismasi, basi hiyo ndiyo itakuwa misumari ya mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu wa kushinda. Saa sita mchana taa inawashwa. Bibi alikuwa hajapitisha hata maji tangu jana yake, midomo imepasuka, na ametoa gauni lake jeupe la ushirika kwenye sanduku la nguo. Amemwomba Mama Flavia amwogeshe amvalishe. Mama Flavia naye, mdomo wote ule umekwisha, analia huku anachemsha maji. Wakaingia chumba cha ndani. Mimi nikabaki sebuleni, naangalia kile kitanda kupitia mlangoni. Kimetandikwa shuka jeupe. Kimeachwa wazi upande mmoja, kinangoja.

Siwezi kukwambia niliwaza nini. Sikuwaza. Nilivua viatu nikaingia, nikafunga mlango, nikalala. Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

Mwanzoni nilijiona mjanja. Halafu nikaanza kuogopa kweli kweli. Pande zote nyeupe, huoni mgomba, huoni mlima, huoni hata uzio. Puti ya Efraimu haipitishi kitu, sauti ya ng'ombe inasikika kama iko kijiji kingine. Juu bati jeupe, karibu, linakushukia. Kioo cha kichwani kikaanza kuota mvuke wa pumzi yangu na mimi nikawa nautazama, unakua, unapungua, unakua. Nikawaza: neno limeshasemwa mbele ya watu wote, vigelegele vimepigwa, watu wamepita wameaga. Chumba kimeshapewa jina. Je, kama kinadai mtu? Kama kimekaa kinangoja tu, na hakichagui? Tak! kikalia kioo. Nikataka kuamka, miguu ikagoma.

Uso ukatokea kwenye kioo. Mama Flavia, ametoka kumwaga maji. Akanitazama nilivyolala na shuka kidevuni, beseni likamtoka mkononi, akapiga yowe ambalo nadhani hata mjini Mkuu huko walilisikia.

Nikasikia fimbo sebuleni. Ko, ko, ko. Haraka. Mlango ukafunguka na Bibi amesimama, gauni jeupe halijafungwa vifungo vya mgongoni, maji yanamchuruzika kichwani.

"Anaeli!" Hakuita Fredy. "Anaeli, toka humo!"

"Sitoki."

"Toka! Kitanda hicho si chako!"

"Kwani ni cha nini, Bibi? Mimi nimeambiwa ni chumba cha jua. Naota jua."

"Jua liko wapi, mwehu wewe? Toka, mtoto hatangulii! Mtoto hatangulii kwenye nyumba hii!"

Akanipiga na fimbo. Ya goti. Mtu ambaye asubuhi alishindwa kubeba kijiko! Nikashikilia ukingo wa kitanda.

"Kunywa mtori, natoka."

"Toka kwanza ninywe."

"Kunywa kwanza nitoke."

"Nitakunywa nusu."

"Bakuli zima."

"Mae!" Mama Flavia kafika mlangoni anahema. "Jamani, mnapatana bei ya nini mle ndani?"

"Mletee mtori," nikasema.

"Usilete!" Bibi akasema. Kisha akaniangalia. Nadhani nilikuwa na sura mbaya, maana nilikuwa naogopa, sikuigiza, jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi ile. Akaangalia kioo cha kichwani, ule mvuke wangu, unakua, unapungua. "Lete," akasema taratibu. "Lete upesi. Na uwe wa moto."

Akaunywa amesimama. Kwa hasira, anameza huku ananikazia macho, hata nyama hatafuni. Kila akishusha bakuli mimi nalala vizuri zaidi, analipandisha tena. Alipomaliza akaligeuza chini juu anionyeshe, kama wanywaji wa mbege wanavyofanya. Nikatoka kitandani nikajikwaa kwenye shuka, Mama Flavia akanidaka.

Bibi hakurudi kitandani. Alikaa kwenye kiti sebuleni, akasema aitwe Efraimu, sasa hivi, hata kama yuko kwenye msiba.

Efraimu akaja mbio, kofia mkononi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'oa kioo."

"Kioo kipi, mama?"

"Kile cha kichwani. Sanduku halina tundu. Chumba kina tundu. Ng'oa."

"Mama, lakini dada Gladness alisema upepo usipite kabisa, ndiyo maana ya..."

"Basi Gladness aje alale yeye. Ng'oa."

Akang'oa. Alichokonoa puti kwa patasi kidogo kidogo, kioo kikatoka kizima, ukungu ukaanza kuingia polepole kama maziwa yakimiminwa. Baridi ikatupiga usoni. Efraimu akakikumbatia kioo, kizuri, kinene, cha kutoka nje, ukiona tu unajua kichwani anakipigia hesabu ya kazi nyingine.

"Hicho hakiendi kwenye kazi zako," Bibi akasema. "Kivunje hapo nje. Nikiona."

"Mama, kioo kizima hiki?"

"Fundi."

Akakipeleka uani, akakiinua, akakiachia kwenye jiwe la kufulia. Mama Flavia alijishika mdomo kwa mikono miwili.

Kama aliniamini kuhusu lile neno, au aliona tu bora yeye aahirishe kuliko mimi nitangulie, sijui. Sikuthubutu kumwuliza na sitathubutu. Nilichukua ufagio nikaenda kukusanya vipande, nikajikata kidole. Nikiwa nimeinama nikahisi natazamwa. Bibi alikuwa amesimama kwenye lile tundu, uso wake wazi, hauna kioo mbele, ukungu unampita mashavuni.

"Fagia vizuri, mume wangu," akasema. "Ng'ombe asije akakanyaga. Na usiingie humu peke yako tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Hakuondoka pale mpaka nilipomaliza.